Mkataba Nyuma ya Mashine: Serikali, Makampuni Makubwa na Huduma za Afya ya Umma

Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kufanya kazi huhitaji kusafishwa damu mara mbili au tatu kila wiki, kwa takriban saa nne kila mara. Katika saa hizo humwona muuguzi, huiona mashine, na huiona mirija inayoitoa damu mwilini na kuirudisha. Kipo kitu kingine kinachoishikilia huduma hiyo ambacho hakionekani wodini, nacho ni mkataba. Huenda mashine ile haimilikiwi na hospitali, imekodishwa tu. Huenda fundi anayeitwa inapoharibika ni mwajiriwa wa kampuni yenye makao nje ya nchi. Huenda usafi wa sakafu, ufuaji wa mashuka, ulinzi wa geti na chakula cha wagonjwa vimo mikononi mwa makampuni mengine matatu au manne. Siku mkataba mmojawapo unapokwama, mgonjwa ndiye wa kwanza kuathirika, na mara nyingi ndiye wa mwisho kuelezwa sababu.

Makala haya yanaeleza jinsi uhusiano wa serikali na makampuni makubwa unavyojengwa, jinsi unavyoweza kusaidia, mahali unapoharibika, na yale ambayo mtumishi wa afya na mgonjwa wanaweza kuyafanya. Mifano imechukuliwa kutoka Kenya, Lesotho, Uingereza na Tanzania, nchi ambazo mikataba yake ilichunguzwa hadharani na mabunge, wakaguzi, watafiti au mabaraza ya usuluhishi.

Maana ya kukabidhi huduma

Serikali inapokabidhi huduma kwa mkandarasi, haiachi wajibu wake. Raia bado anaidai serikali haki ya kutibiwa. Kinachobadilika ni nani anayeifanya kazi, nani anayemiliki vifaa, na nani anayebeba hasara mambo yakienda kombo.

Katika sekta ya afya, makabidhiano haya huwa ya namna nne kubwa. Ya kwanza ni kazi za uendeshaji zisizo za kitabibu: usafi, ulinzi, ufuaji, chakula na uteketezaji wa taka hatarishi. Ya pili ni vifaa tiba: kampuni huleta mashine, huzifunga, huwafundisha watumishi na kuzitengeneza, nayo serikali hulipa ada kila mwaka badala ya kununua kwa mkupuo. Ya tatu ni mpango wa maabara ambao mashine huletwa pasipo malipo ya kununulia, kwa sharti kwamba hospitali itanunua vitendanishi kwa mleta mashine huyo. Ya nne ndiyo kubwa kuliko zote: kampuni hujenga hospitali nzima, huiendesha kwa miaka mingi na kulipwa na serikali kila mwaka, kisha huirudisha muda ukiisha.

Sababu za serikali kuingia humo hazikosi uzito. Mashine ya CT skani au ya eksirei ya kisasa ni ghali, na bajeti ya mwaka mmoja haiwezi kuzinunua kwa hospitali zote. Zaidi ya hapo, hospitali nyingi za umma zina mashine zilizonunuliwa au kutolewa msaada, zikaharibika, zikabaki kwenye kona zimefunikwa shuka kwa sababu bajeti haikuwa na fungu la matengenezo. Mkataba unaomlazimisha muuzaji kuitunza mashine yake kwa miaka kadhaa unalenga tatizo hilo moja kwa moja. Swali huwa ni jinsi mkataba huo unavyoandikwa na kusimamiwa.

Kenya: vifaa vya kukodi katika hospitali 98

Mnamo Februari 2015, serikali ya Kenya ilitia saini mikataba ya miaka 7, yenye thamani ya takriban shilingi za Kenya bilioni 38, ya kukodisha vifaa tiba kwa hospitali 98. Hospitali 94 kati ya hizo zilikuwa za kaunti, mbili kwa kila mojawapo ya kaunti 47, na 4 zilikuwa za ngazi ya taifa. Makampuni matano kutoka nje yaligawana kazi: General Electric ilileta vifaa vya picha za uchunguzi, Philips vya wagonjwa mahututi, Bellco vya kusafisha damu, nayo Mindray na Esteem vifaa vya upasuaji na utakasaji wa zana zake.

Faida ilionekana. Kabla ya mpango huo, mgonjwa wa figo aliyeishi mbali na miji mikubwa alilazimika kusafiri umbali mrefu mara mbili kwa wiki, au kuhama kabisa. Hospitali nyingi za kaunti zilipata vitengo vya kusafisha damu kwa mara ya kwanza. Bima ya taifa ya wakati huo ilipoanza kulipia vipindi viwili kwa wiki, kila kimoja shilingi 9,500, vitengo hivyo vikapata wagonjwa na mapato. Mashine, mlipaji na watumishi vilikutana mahali pamoja, na watu wakaishi.

Palipokosekana kimojawapo, matokeo yalikuwa mengine. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na baadaye uchunguzi wa kamati maalumu ya Seneti uliokamilika mwaka 2020, zilieleza vifaa vilivyokaa bila kutumika kwa kukosa umeme wa kutosha, maji, majengo yanayofaa au wataalamu wa kuviendesha. Mashine ya wagonjwa mahututi haifanyi kazi bila muuguzi aliyefunzwa kuwahudumia wagonjwa hao usiku na mchana. Mkataba uliagiza mashine. Kuwaajiri wauguzi lilikuwa jukumu la kaunti, ambayo haikuwa imejipanga kwa gharama hiyo.

Mzizi wa tatizo ulikuwa katika mgawanyo wa madaraka. Kwa Katiba ya mwaka 2010, hospitali za kaunti ni jukumu la serikali za kaunti. Hata hivyo mikataba ilisainiwa na serikali kuu, na ada yake ikawekwa kwenye mgawo wa fedha za kaunti kama fungu lisiloweza kutumiwa kwa jambo jingine. Mwanzoni kila kaunti ilihesabiwa takriban shilingi milioni 95 kwa mwaka; katika mwaka wa fedha 2018/19 kiasi hicho kilifika milioni 200. Kiwango kilikuwa sawa kwa kaunti zote, ingawa mahitaji na vifaa zilivyopokea havikulingana. Magavana walilalamika kwamba hawakuwa wameoneshwa mikataba kamili. Hivyo aliyesaini hakuwa mtumiaji, aliyelipa hakuwa amesaini, na aliyetumia hakujua ni masharti gani angeweza kuyadai. Daktari wa hospitali ya kaunti ambaye mashine yake ilisimama hakuwa na karatasi mkononi ya kumwonesha muuzaji kwamba muda wa kuitengeneza umepita.

Baadaye Kenya ilielekea kwenye mpango mwingine, ambao mleta vifaa hulipwa kwa kila kipimo au huduma iliyofanyika. Badiliko hilo lina mantiki: mashine iliyolala haimletei mwenyewe pesa, kwa hiyo atajitahidi isilale. Lakini linahamisha hatari upande wa pili. Anayelipwa kwa hesabu ya vipimo hunufaika vipimo vikiongezeka, viwe vinahitajika au la. Usimamizi unaohitajika sasa ni wa kitabibu: je, kila picha iliyopigwa ilikuwa na sababu?

Lesotho: hospitali nzima mikononi mwa kampuni

Lesotho ilichukua hatua kubwa zaidi. Mwaka 2008 serikali yake ilisaini mkataba wa miaka 18 na muungano wa makampuni uitwao Tsepong, ulioongozwa na kampuni ya hospitali binafsi ya Afrika Kusini, Netcare. Mshauri wa serikali katika mpango huo alikuwa Shirika la Fedha la Kimataifa, tawi la Kundi la Benki ya Dunia. Hospitali ya Queen 'Mamohato Memorial ilifunguliwa mjini Maseru mnamo Oktoba 2011, ikachukua nafasi ya hospitali kongwe ya Queen Elizabeth II iliyokuwa imechakaa. Kliniki tatu za mjini humo zilikarabatiwa na kuunganishwa nayo. Wagonjwa waliendelea kuchangia ada ileile ya hospitali nyingine za umma.

Kitabibu, matokeo yalikuwa mazuri. Utafiti uliolinganisha hospitali ya zamani na mpya, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta vifo vya waliolazwa vimepungua kwa asilimia 41. Watumishi walikuwa na vifaa, dawa na utaratibu wa kazi uliosimamiwa kwa karibu. Kwa mama anayejifungua kabla ya wakati mjini Maseru, tofauti hiyo ilikuwa ya uhai wa mtoto wake.

Kifedha, hadithi ilikuwa tofauti. Mkataba uliweka kikomo cha wagonjwa 20,000 wa kulazwa na 310,000 wa nje kwa mwaka. Aliyezidi hapo alilipiwa zaidi. Kwa kuwa hospitali za wilaya zilikuwa dhaifu, wagonjwa walimiminika kwenye hospitali iliyo bora, na kikomo kikapitwa. Malipo ya mwaka nayo yalipanda pamoja na mfumuko wa bei. Mwaka 2014 shirika la Oxfam lilitoa ripoti iliyodai kwamba hospitali hiyo moja ilikuwa ikimeza asilimia 51 ya bajeti ya afya ya nchi. Hesabu hiyo ilibishaniwa, na makadirio mengine yalitoa kiwango kidogo kuliko hicho, ingawa bado kikubwa kwa nchi ambayo wengi wa wakazi wake huishi vijijini na milimani.

Uhusiano ulizidi kuharibika kwa mabishano ya ankara. Mnamo mwaka 2021 wauguzi waligoma wakidai mishahara ilingane na ya wenzao wa serikali. Kampuni iliwafukuza wauguzi 345. Mwaka huohuo serikali ilivunja mkataba na kuichukua hospitali, takriban miaka mitano kabla ya muda wake kumalizika.

Funzo la Lesotho haliishii katika kusema kwamba hospitali ilikuwa nzuri au mbaya. Ilikuwa nzuri kwa aliyeifikia. Tatizo ni kwamba malipo yake yalifungwa kisheria huku bajeti nyingine zote za afya zikibaki za kupunguzwa. Mapato ya serikali yanaposhuka, waziri hawezi kuikata ankara ya mkandarasi. Hukata dawa za zahanati, mafuta ya gari la wagonjwa na ajira mpya za wauguzi. Deni lililo katika mkataba hulipwa kwanza, na mgonjwa wa kijijini hulipwa kwa kilichobaki.

Uingereza: usafi wa wodi na kampuni iliyoanguka

Uingereza ina uzoefu mrefu kuliko nchi nyingi. Tangu mwaka 1983 hospitali zake ziliagizwa kuitisha zabuni za usafi, ufuaji na chakula. Gharama zilishuka. Miaka mingi baadaye, watafiti walizilinganisha taasisi 126 za hospitali kwa kipindi cha mwaka 2010 hadi 2014. Taasisi zilizokodi makampuni ya usafi zilitumia fedha kidogo zaidi, lakini zilikuwa na kiwango kikubwa zaidi cha maambukizi ya bakteria sugu aina ya MRSA kuliko zilizokuwa na wasafishaji wao wenyewe. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba kampuni za usafi ndizo zilizosababisha maambukizi, ila unaonesha kuwa akiba ya sakafuni inaweza kulipwa kitandani.

Maelezo ya jambo hilo yanapatikana katika elimu ya uchumi. Oliver Hart, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2016 pamoja na Bengt Holmström kwa kazi yao kuhusu nadharia ya mikataba, aliandika mwaka 1997 pamoja na wenzake wawili kwamba mkandarasi ana msukumo mkubwa wa kupunguza gharama hata pale ubora unapoumia, ikiwa ubora huo hauwezi kuandikwa na kupimwa ndani ya mkataba. Katika wodi, ni rahisi kuandika kwamba sakafu ipigwe deki mara tatu kwa siku. Ni vigumu kuandika kwamba msafishaji amjulishe muuguzi anapoona damu chini ya kitanda, au kwamba asogeze kabati na kusafisha nyuma yake wakati hakuna anayemtazama. Msafishaji aliyeajiriwa na hospitali huwa sehemu ya timu ya wodi. Yule wa kampuni, anayelipwa kidogo na kuhamishwa mara kwa mara, hupewa orodha na kuambiwa amalize.

Hatari ya pili ilidhihirika tarehe 15 Januari 2018, kampuni kubwa ya Carillion ilipofilisika. Iliajiri watu wapatao 43,000 duniani kote. Ilikuwa na mamia ya kandarasi za serikali: ilisafisha hospitali, ilipika chakula cha shule, ilikarabati magereza, na ilikuwa ikijenga hospitali mbili kubwa. Ilianguka ikiwa na madeni na dhamana za karibu pauni bilioni 7, huku taslimu iliyobaki ikiwa pauni milioni 29 tu. Hospitali mpya ya Royal Liverpool, iliyotarajiwa kufunguliwa mwaka 2017, ilifunguliwa Oktoba 2022. Ile ya Midland Metropolitan karibu na Birmingham, iliyopangwa mwaka 2018, ilifunguliwa Oktoba 2024. Kwa miaka hiyo yote wagonjwa waliendelea kutibiwa katika majengo ya zamani yaliyokusudiwa kuachwa.

Linalostahili kuzingatiwa ni tabia ya serikali kabla ya anguko. Mnamo Julai 2017 kampuni ilitangaza hadharani hasara ya pauni milioni 845 katika kandarasi zake. Baada ya tangazo hilo, ilipewa kandarasi nyingine za umma, ikiwemo sehemu ya ujenzi wa reli ya mwendokasi. Kampuni ikishashika huduma nyingi, serikali hupata woga wa kuinyima kazi, kwa kuwa kuanguka kwake kutazisimamisha huduma zote kwa pamoja. Mnunuzi anageuka kuwa tegemezi wa muuzaji. Wakandarasi wadogo waliokuwa chini ya Carillion, ambao walikuwa wakingojea malipo hadi siku 120, ndio walioumia pamoja na wafanyakazi.

Dar es Salaam: kuvunja mkataba nako kuna utaratibu

Tanzania nayo ina funzo lake, ingawa ni la maji. Mwaka 2003 usambazaji wa maji wa jiji la Dar es Salaam ulikabidhiwa kwa kampuni ya City Water kwa mkataba wa miaka 10. Wabia wake walikuwa Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na Superdoll ya Tanzania. Kampuni ilishindwa kufikia malengo ya makusanyo na huduma, na mwaka 2005 serikali iliuvunja mkataba. Wabia wa nje walifungua shauri katika baraza la kimataifa la usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji. Mwaka 2008 baraza hilo liliamua kwamba serikali ilikiuka baadhi ya wajibu wake katika namna ilivyomwondoa mkandarasi, lakini halikuamuru fidia yoyote ilipwe.

Uamuzi huo una pande mbili za kujifunza. Mkandarasi aliyeshindwa kazi hana haki ya kulipwa kwa kushindwa kwake. Serikali nayo, hata ikiwa na sababu nzuri, inapaswa kufuata hatua zilizoandikwa: onyo la maandishi, muda wa kujirekebisha, ushahidi wa upungufu, na makabidhiano ya mpangilio. Ushahidi huo hauanzii wizarani. Huanzia kwenye daftari la anayeitumia huduma kila siku.

Wajibu wa mtumishi wa afya

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Muuguzi, tabibu, mteknolojia wa maabara na fundi wa vifaa tiba ndio wanaojua kama huduma iliyolipiwa imetolewa. Mambo yafuatayo yamo ndani ya uwezo wao.

Kwanza, wajue sehemu ya mkataba inayohusu kitengo chao. Mkuu wa kitengo anaweza kuuliza mambo matano tu: mkandarasi anatakiwa kufika ndani ya saa ngapi akiitwa, mashine inaruhusiwa kusimama kwa siku ngapi kwa mwaka, nani analipia vipuri, nani analeta vifaa vinavyotumika na kutupwa, na kuna adhabu gani muda ukipita. Majibu ya maswali hayo yanatosha ukurasa mmoja, nao unafaa kubandikwa ofisini.

Pili, waandike. Kila mashine inaposimama, iandikwe tarehe, saa, aliyepigiwa simu, saa aliyofika na idadi ya wagonjwa walioahirishwa au kupewa rufaa. Malalamiko ya mdomo hayamkati mkandarasi hata senti moja. Daftari la miezi sita lenye saa na tarehe humpa mganga mfawidhi na mwanasheria wa wizara msingi wa kudai.

Tatu, wasisaini hati ya kupokea kitu kisichofanya kazi. Saini ya kupokea ndiyo mara nyingi inayoanzisha malipo. Mashine iliyofika ndani ya sanduku haijapokelewa mpaka imefungwa, imejaribiwa na watumiaji wamefundishwa.

Nne, wachunguze mashine inayoitwa ya bure. Ikiwa vitendanishi vyake haviwezi kununuliwa kwa mtu mwingine, bei yake imefichwa ndani ya kila kipimo. Swali la kuuliza kabla ya kukubali ni gharama kamili ya kipimo kimoja, pamoja na hatua zitakazochukuliwa vitendanishi vikichelewa bandarini.

Tano, wajiepushe na takrima. Safari, semina ya hotelini au zawadi kutoka kwa mkandarasi humfunga mdomo anayetakiwa kuandika ripoti ya upungufu.

Haki na tahadhari za mgonjwa

Mgonjwa hahitaji kuujua mkataba ili adai huduma. Anapoambiwa mashine imeharibika, anayo haki ya kuuliza itatengenezwa lini, na ikiwa haijulikani, apewe rufaa ya maandishi kwenda kituo kingine. Jibu la kwamba fundi wa kampuni hajafika ni maelezo ya sababu. Wajibu wa hospitali kumtafutia njia nyingine unabaki palepale.

Kwa anayesafishwa damu, kukosa kipindi ni hatari, na muda wa kungoja unahitaji uangalifu. Apunguze maji na chumvi kwa kadiri alivyoelekezwa na daktari wake. Ajiepushe na vyakula vyenye potasiamu nyingi kama ndizi, maji ya madafu, parachichi, machungwa na viazi visivyolowekwa na kuchemshwa kwa maji mengi. Akipata pumzi fupi, hasa anapolala chali, moyo kudunda ovyo au misuli kulegea kwa ghafla, aende kwenye chumba cha dharura mara moja, hata kama ni usiku na hata kama tarehe yake ya kliniki haijafika. Ajieleze tangu mlangoni kwamba yeye ni mgonjwa wa figo na kwamba amekosa kipindi.

Upo pia wajibu wa uraia. Nchini Tanzania, kamati za usimamizi wa vituo na bodi za afya za halmashauri zina wajumbe wanaotoka miongoni mwa wananchi. Nchini Kenya zipo bodi za hospitali na mabunge ya kaunti. Nchi zote mbili zilitunga sheria ya haki ya kupata taarifa mwaka 2016. Mwananchi anaweza kuuliza, kwa maandishi, halmashauri au kaunti yake inamlipa mkandarasi kiasi gani na kwa huduma ipi. Siri za biashara zinaweza kulinda ubunifu wa kampuni, lakini bei iliyolipwa kwa kodi na kiwango cha huduma kilichoahidiwa vinamhusu mwenye kodi.

Vigezo vya uhusiano ulio salama

Mifano hii minne inaonesha kwamba hoja ya kampuni binafsi dhidi ya serikali haitoshi kuamua. Hospitali ya Maseru iliokoa maisha ikiendeshwa na kampuni. Mashine za Kenya zilifanya kazi mahali palipokuwa na umeme, watumishi na bima. Serikali inayotaka kununua huduma vizuri inahitaji watu wake wenyewe wanaoijua kazi hiyo: wahandisi wa vifaa tiba, wahasibu, wanasheria wa mikataba na wakaguzi. Ikiwaondoa hao kwa hoja kwamba kazi imekabidhiwa nje, hubaki bila jicho la kuikagua ankara.

Mkataba ulio salama, kwa hiyo, husainiwa kwa kumshirikisha atakayelipa na atakayetumia. Huandaa watumishi na umeme kabla ya mashine. Huweka ukomo wa malipo usioweza kuzimeza zahanati. Haumpi mkandarasi mmoja huduma nyingi kiasi kwamba anguko lake lisimamishe hospitali. Hueleza wazi namna ya kuachana, na mashine, kumbukumbu za wagonjwa na wafanyakazi watabaki kwa nani. Mwisho, huwekwa mahali ambapo anayeuhitaji anaweza kuusoma.

Muuguzi wa zamu anayeandika kwenye daftari kwamba mashine namba tatu imesimama tangu saa mbili asubuhi, na kwamba wagonjwa wanne wamerudishwa nyumbani, anafanya kazi ya kitabibu na ya kiserikali kwa wakati mmoja. Kumbukumbu yake ikifika kwa anayelipa kabla ya ankara kulipwa, wagonjwa hao wanne wana matumaini ya kuikuta mashine ikifanya kazi siku yao nyingine itakapofika.